Si kila treni ya bati ni ya Mjerumani

Mimi ni fundi saa hapa Miyomboni, Iringa mjini. Mji wetu hauna reli. Wa kwetu anayetaka kupanda treni huenda Makambako. Lakini mwaka 2003 mama mmoja kutoka Kihesa aliniwekea mezani kichwa cha treni ya kuchezea, cha bati, urefu wake kama kiganja, akasema: "Kamwene, fundi. Hiki nacho kinatiwa ufunguo kama saa, basi ni kazi yako." Nikakifungua. Ndani nikakuta springi na gia zilizopangwa kama za saa ya mezani, ila nene zaidi, zimeganda kwa grisi iliyogeuka gundi. Niliposafisha gia, kikakimbia juu ya kaunta mpaka wateja wakapiga makofi. Nikamuuliza mama ni cha miaka gani.

"Cha Mjerumani hicho."

Huku Nyanda za Juu Kusini kila kitu kikuukuu ni cha Mjerumani: kitasa, jiko, cherehani, hata baiskeli yenye nembo ya kiwanda cha Uingereza. Lakini utawala wa Wajerumani Iringa uliisha mwaka 1916. Kuanzia 1925 waliruhusiwa kurudi Tanganyika, na wengi walikuja kulima huku kwetu, hadi vita ilipoanza 1939 wakawekwa kizuizini. Katikati hapo na baadaye walikuwepo Waingereza, kuna nyumba za misheni, kuna mashamba ya chai ya Mufindi, na leo kuna marobota ya mitumba yanayofunguliwa Mwanjelwa, Mbeya, yakiwa na midoli ya Ulaya ndani. Treni uliyoinunua kwa mzee wa Tukuyu inaweza kuwa na miaka tisini, na inaweza kuwa na thelathini. Muuzaji hakudanganyi; anakwambia alichoambiwa. Kazi ya kujua ni yako wewe uliyenunua. Nitaeleza ninavyofanya mimi kujua miaka ya treni ya kuchezea.

Kwanza, usiioshe

Naliweka hili mbele kwa sababu lilinigharimu. Behewa la tatu nililonunua lilikuwa jekundu, limefunikwa na moshi wa jikoni. Nililisugua kwa mafuta ya taa na waya wa kusugulia sufuria. Ndani ya dakika moja bati likang'aa, na maandishi ya dhahabu ubavuni yakaondoka na kitambaa. Yale maandishi ndiyo yangeniambia behewa ni la nani na la lini. Mpaka leo lipo kabatini, jekundu, halina jina wala miaka.

Kwa hiyo brashi laini ya rangi, ile ya wanafunzi, inatosha. Pangusa vumbi tu. Usitumie petroli, usitumie msasa, usipake vanishi, na usimpe fundi wa kupuliza rangi hata kama anakuahidi itakuwa mpya. Kitu kikiwa kipya hakisomeki. Mashine ya ndani inaweza kupata tone la mafuta ya cherehani kwenye mhimili wa kila gia, lakini usiizungushe ufunguo kwa nguvu kabla ya kuifungua. Springi iliyoshika kutu ikikatika inaweza kukuchana kidole vibaya.

Kingine, usiwape watoto. Rangi za zamani nyingi zina risasi, ile metali yenye sumu, na mtoto kazi yake ni kuweka kitu mdomoni.

Pima reli

Chukua rula yenye milimita, au kalipa kama unayo, upime nafasi kati ya reli mbili, kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani. Kama reli hakuna, pima kati ya magurudumu kisha ongeza kidogo, maana gurudumu huacha nafasi ya kucheza.

Ukipata 45, hicho ni kipimo namba 1, cha treni kubwa. Kilitamba kabla ya Vita ya Kwanza. Kipimo O ni 32, na ndicho kilichotawala nyumba za Ulaya kati ya vita mbili. Treni nyingi za ufunguo zinazofika kwangu ni za kipimo hicho. Kisha kuna 16.5, ambacho Wajerumani na nchi nyingi hukiita H0 na Waingereza OO; kilienea kuanzia katikati ya miaka ya 1930. Watengenezaji Märklin wa mji wa Göppingen, Ujerumani, walitoa treni zao ndogo za namna hiyo mwaka 1935, na Hornby wa Liverpool, Uingereza, walitoa zao, Hornby Dublo, mwaka 1938. Milimita 12 ni TT, ya baada ya Vita ya Pili. Milimita 9 ni N, ya miaka ya 1960. Milimita 6.5 ni Z, na hiyo Märklin waliianza 1972. Kwa hiyo mtu akikuletea kichwa cha treni kinachoenea kwenye kiberiti akakwambia kilikuwa cha afisa wa bomani zama za Mkwawa, rula imeshajibu.

Hesabu na idadi ya reli. Reli tatu, ile ya katikati ikiwa ya umeme, ilikuwa desturi ya zamani. Märklin hawakuiacha, kuanzia 1953 waliibadilisha reli ya katikati kuwa safu ya vijipini vidogo vinavyochomoza kwenye mataruma. Hornby Dublo walianza reli mbili mwaka 1959.

Geuza, soma tumbo

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko popote. Ninavaa lenzi yangu ya saa, nawasha tochi ya simu na kuilaza pembeni ili mwanga ukwaruze bati. Mwanga wa juu moja kwa moja hufuta maandishi yaliyogongwa. Mwanga wa pembeni huyainua.

Tafuta kwanza nchi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 ilivilazimisha vitu vya nje vionyeshe vilikotoka, na ndipo "Made in Germany" ilipoenea. Maneno hayo peke yake hayatoshi, kwa sababu yalitumika kabla ya 1914, kati ya vita, na yanatumika leo. Yaliyoongezwa ndiyo yenye faida. "Made in US Zone Germany" ni miaka michache tu baada ya 1945, Ujerumani ilipogawanywa chini ya majeshi ya kigeni. Göppingen na Nürnberg, miji mikuu ya midoli ya bati, yote ilikuwa upande wa Wamarekani, ndiyo maana alama hiyo ipo kwenye treni nyingi. "Made in Western Germany" haiwezi kuwa kabla ya 1949. "German Democratic Republic" au GDR ni kati ya 1949 na 1990. Kwa Wajapani, "Occupied Japan" ni kati ya 1945 na 1952.

Nilinunua Mwanjelwa behewa la abiria la kijani, muuzaji akiapa kwamba babu yake aliliokota baada ya vita vya Maji Maji. Chini ya ekseli, herufi ndogo kuliko punje ya ulezi: Western Germany. Nilimwonyesha kijana kwa lenzi. Alinyamaza, akasoma mara mbili, kisha akaniomba nimfundishe. Sasa yeye ndiye anayenipigia simu robota likifunguliwa.

Baada ya nchi, herufi za hati miliki. D.R.P. na D.R.G.M. ni za dola ya zamani ya Ujerumani. Ya pili ilianza 1891, na zote mbili zilikufa na dola hiyo mwaka 1945. D.B.P. na D.B.G.M., zenye B katikati, ni za Jamhuri ya Shirikisho ya Ujerumani, yaani baada ya 1949. Herufi moja tu, lakini vita nzima imepita kati ya R na B.

Kisha nembo ya kiwanda. GBN ni Gebrüder Bing wa Nürnberg, kiwanda kikubwa sana enzi zake. Baada ya Vita ya Kwanza wakabadilisha kuwa BW, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ikaanguka. Kwa hiyo GBN ni jambo la kukaa chini na kunywa maji kwanza. KBN ni Karl Bub. GFN ni Fleischmann. GC ni Georges Carette, aliyefunga kiwanda wakati wa Vita ya Kwanza. Wote hao ni wa Nürnberg.

Kwa Waingereza, ukiona "Meccano Ltd Liverpool" ujue ni Hornby. Frank Hornby alianza kuuza treni mwaka 1920. Zile za mwanzo kabisa zilifungwa kwa nati na bolti kama Meccano, vile vyuma vya watoto vya kuundia vitu, ili mtoto azifungue na kuziunda upya. Majina kwenye boksi nayo yana mpangilio: Tri-ang Railways, ya kampuni nyingine ya Uingereza iliyokuja kuinunua Hornby, ni miaka ya 1950 hadi 1965, Tri-ang Hornby inaanzia 1965, na Hornby Railways inaanzia 1972. Hornby yenye "Made in China" ni ya miaka ya mwisho ya 1990 na kuendelea. Ni treni nzuri, ila si ya makumbusho.

Simba wawili

Mwaka jana niliitwa Mafinga na mama mmoja mstaafu. Alikuwa na kichwa cha treni ndani ya kopo la majani ya chai: cheusi, magurudumu manne, mistari myembamba myekundu, kipimo O, cha ufunguo. Vijiti vya breki na vya kurudi nyuma vinachomoza kibandani kwa dereva. Ubavuni kuna namba 82011, na juu yake simba mdogo. Kwenye bati: Hornby, Made in England. Naeleza hatua zote kwa sababu kilinipa karibu kila kitu bila kukifungua.

Nilianza na simba. Reli za Uingereza zilikuwa za kampuni nne kubwa tangu 1923: LMS, LNER, GWR na Southern. Tarehe 1 Januari 1948 serikali ikazichukua zote zikawa British Railways. Nembo ya kwanza ya shirika hilo ilikuwa simba aliyesimama juu ya gurudumu, kama mtu aliyepanda baiskeli ya tairi moja. Mwaka 1956 wakaleta nembo nyingine: simba anayetokea kwenye taji, ameshika gurudumu kwa mikono yake ya mbele. Sasa angalia tu: simba amelikanyaga gurudumu au amelishika? Wa Mafinga alikuwa amelikanyaga. Kwa hiyo mchoro ni wa baada ya 1948, na uliwekwa wakati nembo ya kwanza ingali inatumika au mara baada yake.

Kisha namba. Namba za midoli ya Hornby mara nyingi ni namba za vichwa vya kweli. 82011 ilikuwepo, ni ya aina iliyoanza kuundwa Swindon mwaka 1952. Ile ya kweli ilikuwa na magurudumu kumi, hiki cha Mafinga kina manne. Kiwanda kiliazima namba tu. Lakini hakuna anayeazima namba ambayo haijazaliwa. Tayari 1952 imekuwa sakafu, haiwezi kushuka chini ya hapo. Na kichwa hiki, ambacho Hornby walikiita namba 40, kiliingia dukani 1954.

Namba zinasaidia hata pasipo na simba. Serikali ilipochukua reli, vichwa vya LMS viliongezewa 40000 na vya LNER 60000. Ndiyo maana Hornby Dublo "Duchess of Atholl" ya rangi za LMS ina 6231, na dada yake wa enzi za British Railways, "Duchess of Montrose", ana 46232. Ukiona namba ya tarakimu tano inayoanza na 4 au 6 kwenye treni ya Kiingereza, uko baada ya 1948. Kwa Wajerumani, herufi DB ubavuni, za shirika la reli la Ujerumani Magharibi, ni baada ya 1949, na namba zenye kistari mwishoni kikifuatiwa na tarakimu moja ni za baada ya 1968, walipobadilisha mfumo kwa ajili ya kompyuta.

Tahadhari moja ambayo wengi wanaikosea: herufi huweka mwanzo, haziweki mwisho. Hornby waliuza kichwa kidogo cha LMS chenye namba 2270 kabla ya vita, na wakakiuza tena baada ya vita, wakati LMS yenyewe imeshakufa. Anayesoma LMS na kuandika "kabla ya 1948" ameandika nusu ya ukweli.

Bati, zinki na plastiki

Gusa, pima uzito mkononi. Bati lililopakwa rangi kwa mkono lina unene, kucha inausikia mstari. La namna hiyo mara nyingi ni la zamani zaidi au la bei zaidi. Bati lililochapwa ni laini kama karatasi. Weka lenzi: kwenye uchapaji wa zamani utaona rangi zilizojaa, kila rangi peke yake. Ukiona vidoto vidogo vya rangi nne vilivyopangwa kwa mistari sawasawa, kama picha ya gazeti, hiyo ni nakala ya siku hizi.

Sehemu nzito za kumimina, kama magurudumu na fremu, ni aloi ya zinki. Hapa kuna ugonjwa wa kuujua. Zinki iliyochanganyika na risasi kidogo wakati wa kumiminwa huanza kuvimba na kupasuka ndani kwa ndani miaka mingi baadaye. Utaona nyufa kama za matope yaliyokauka, na gurudumu linameguka ukilibana. Vitu vya kabla ya Vita ya Pili ndivyo vinavyougua zaidi. Hauambukizi kipande cha jirani, ila hauna dawa, na unyevu na joto huuharakisha. Vipande kutoka Tukuyu, kwenye mvua, hunifikia na kutu na nyufa; vya Iringa kwenye baridi kavu hudumu. Usigundishe. Viweke kwenye pamba, uviandike.

Plastiki inayong'aa kwa mwili mzima wa treni karibu kila mara ni ya baada ya vita. Tri-ang za mwanzo zilitumia plastiki inayojikunja yenyewe kwa miaka, mpaka kichwa cha treni kinapinda kama ndizi. Ukikuta kimepinda hivyo usikilaumu jua la Mbeya. Ni alama ya umri wake.

Angalia skrubu nazo. Bisibisi nyota ilianza kuingia viwandani Marekani katikati ya miaka ya 1930. Treni inayodaiwa kuwa ya 1910, imefungwa kwa skrubu za nyota, imefunguliwa na mtu, au haijawahi kuwa ya 1910.

Kipande kipya ndicho kinachoamua

Treni ikiwa na vipande vya miaka mbalimbali, miaka yake inaanzia kwenye kipande kipya kabisa ambacho ni chake tangu kiwandani. Ugumu uko kwenye hayo maneno ya mwisho. Gurudumu lililobadilishwa na fundi haliifanyi treni kuwa changa. Ndiyo maana natafuta kovu: sikio la bati la kufungia lililokunjwa mara mbili lina mstari mweupe wa uchovu, skrubu iliyofunguliwa ina midomo iliyochubuka, risasi ya kulehemu ya nyumbani ina tumbo kubwa kuliko ya kiwandani. Vipande visivyo na kovu ndivyo ninavyovisikiliza.

Boksi linasema habari za boksi. Likija na treni, lisome, lakini usilifanye hakimu, maboksi huhama. Lisome anwani zaidi ya picha. Boksi la Märklin lenye "7320 Göppingen" ni la kati ya mwanzo wa miaka ya 1960 na 1993, maana Ujerumani Magharibi ilitumia namba za posta za tarakimu nne kipindi hicho. Za tarakimu tano zilianza Julai 1993. Alama ya CE, ile ya viwango vya Ulaya, au mistari ya kusomwa na mashine dukani, inakuweka karibu na zama zetu. Karatasi za maelekezo za Meccano zina namba ndogo pembeni, mfano 16/953/100. Ile ya katikati ni mwezi na mwaka wa kuchapwa, yaani Septemba 1953.

Treni za bati za Kichina, zile zenye MS, MF au ME na tarakimu, ni ngumu zaidi kuzipa miaka, kwa sababu michoro ileile iliendelea kutengenezwa miongo mingi. MS ni ya ufunguo, MF ya kusukuma, ME ya betri. Bila boksi naandika "ya Uchina" tu.

Za umeme nasema moja tu: usichomeke transfoma ya zamani ukutani. Waya zake zina mpira unaopukutika, na volti zetu 230 hazijali ukongwe. Treni isomwe ikiwa imelala.

Kila kipande nakifungia kadi kwa uzi, kwa penseli. Siandiki mwaka mmoja isipokuwa umechapwa. Naandika "si kabla ya" na "labda hadi", na chini yake ushahidi, na jina la mji nilikokipata. Na ninachokijua namwambia mwenye mali kabla hatujazungumza bei.

Mama wa Mafinga nilimwambia hivyohivyo: si cha Mjerumani, ni cha Mwingereza, na si kabla ya 1954. Nilidhani atasikitika. Akacheka, akasema baba yake alikuwa mpishi kwenye shamba la chai, na siku wenye nyumba wanafungasha kuondoka, mwaka wa Uhuru, mtoto wao alimpa kile kichwa cha treni mkononi kwa sababu hakikuenea sandukuni. Yeye alikuwa na miaka sita, alikuwa amesimama mlangoni.

Nikachukua kadi, nikaandika: Hornby 40, O, ufunguo, simba wa kwanza. Si kabla ya 1954. Hadi 1961, kwa kauli ya mwenye mali. Hakukiuza. Nimekitia springi mpya, na kadi iko naye, ndani ya lile kopo la majani ya chai.